Wiki Bila Mkanda wa Tano

Jumatatu, 7 Februari 1983

Leo nimenunua kifungo kingine. Cheusi, matundu manne. Sasa ninavyo sitini na tatu, na koti langu lina vifungo vitano tu, vyote vizima. Nifanyeje? Duka la Bibi Odile Brossac linauza vifungo, nyuzi na chupi za sufu za akina mama, na mimi siwezi kuingia pale kila wiki kuulizia chupi.

Habari mbaya. Mbaya sana! Nimemkuta amekwisha kuteremsha nusu ya rafu. Nikamuuliza kulikoni. Akasema anahama. Dada yake huko Menton amempatia nyumba yenye jua, na Jumatatu ijayo anampigia simu kumpa jibu. Nikasema, "Aa, Menton, kuna ndimu nyingi." Ndimu! Mwaka wa nne huu, tangu afiwe na mumewe, namtazama mwanamke yule bila kusema neno la maana, na siku anayotaka kuondoka namwambia habari za ndimu. Domo zege wa Brugnac ni mimi.

Sababu akaieleza mwenyewe. Eti mji huu majira ya baridi una nini? Una klabu ya sinema, basi. Na hiyo klabu yenyewe! Filamu inaanza vizuri, watu wanapendana, na wewe unapata joto moyoni. Ikifika mwisho, mmoja anapanda treni na mwenzake anabaki kituoni ananyeshewa. Au anakufa. Au wanakutana baada ya miaka ishirini, wanaulizana watoto hawajambo. Halafu yeye anarudi nyumbani, anapasha supu, anailia. "Bwana Pradeilles," akaniambia, "nimechoka kulia na supu." Amelipia kadi ya Wiki ya Mapenzi. Akilia tena, basi, Menton.

Wiki ya Mapenzi ni kazi ya rais wa klabu, Théodule Larribe, mwalimu mstaafu wa Kilatini. Filamu nne za mapenzi za Kifaransa ambazo, kwa mujibu wa karatasi aliyoichapa, Mfaransa asiyezitazama amezaliwa bure. Kwa Larribe, filamu ya mapenzi ikiisha kwa furaha basi imetengenezwa Marekani. Na karatasi ya Bibi Odile alimpelekea kwa mkono, mpaka mlangoni. Yangu mimi ilikuja kwa posta! Mimi, katibu wa klabu! Mimi ninayeendesha projekta kila wiki bila hata asante!

Siku nne, Jumatano hadi Jumamosi. Lazima nifanye kitu.

Jumanne, 8 Februari

Nimepata mpango. Nimepata!

Makopo ya filamu yamefika asubuhi kwa basi. Kila filamu ina mikanda mitano, kila mkanda dakika ishirini. Nikaenda na filamu ya kesho kibandani kwangu, juu nyuma ya ukumbi, nikaitazama peke yangu. Muuza vitabu anampenda mke wa nahodha. Mkanda wa kwanza wanatazamana. Wa pili wanatazamana tena. Wa tatu anamwazima kitabu. Wa nne, mwishoni kabisa, wanakumbatiana kwenye ngazi, na vinanda vinalia. Mkanda wa tano: treni, kituo, mvua.

Nikakaa nikaufikiria ule mkanda wa tano. Balaa lote limo humo! Mikanda minne watu wanapendana kama binadamu, na wa tano ndio unaomhamisha Bibi Odile. Sasa nani kanilazimisha kuuonyesha?

Ninacho kipande cha filamu ya zamani, sekunde kumi na mbili, maandishi meupe MWISHO na tarumbeta. Kilikatika kwenye nakala mbovu na nilikiweka. Mkanda wa nne ukiisha, nakipachika hicho, nawasha taa. Watu wanarudi nyumbani wakiwaacha wapenzi wanakumbatiana kwenye ngazi. Rahisi hivyo.

Tatizo moja tu: Larribe. Anazijua filamu zake zote kwa moyo, na baada ya kila filamu anaongoza mjadala dakika arobaini. Angesimama pale pale kuulizia treni.

Na hapo ndipo nilipoamini kwamba huko juu kuna mtu ananipenda. Saa tisa mlango wa karakana yangu ya meno ya bandia unafunguliwa, Larribe huyo, skafu mdomoni. Kauma kashata ya lozi, meno yake ya bandia ya juu yamepasuka katikati. Meno hayo nilimtengenezea mimi. Ni kazi ya nusu saa. Nikayageuzageuza kwenye mwanga, nikaguna kama daktari wa moyo. Nikamwambia kuna dawa ya kugandishia, lazima itoke Lyon, yatakuwa tayari Jumatatu. Akanitolea macho. Akanung'unika kitu ambacho bila meno kilitoka kama maji yanayomwagika. Nikampa kalamu. Akaandika: NA MJADALA JE? Nikamjibu kwa upole kwamba kwa kanuni za klabu yetu, alizoziandika mwenyewe, rais akishindwa kusema, katibu ndiye anayeongoza.

Alipoondoka tu nikayatengeneza. Dakika ishirini na nane. Yamo kwenye mfuko wa koti langu.

Jumatano, 9 Februari

Presha ilinipanda mpaka masikioni, lakini nimepona!

Ukumbi ulijaa, watu thelathini na wanane. Bibi Odile safu ya tatu, leso mbili tayari mapajani, maskini. Larribe kiti cha pembeni yake, skafu hadi puani. Mkanda wa nne ukafika kwenye ngazi. Wakakumbatiana. Vinanda. Nikapachika kipande changu. MWISHO, tarumbeta, taa.

Nikafikiria kutorokea dirishani, lakini dirisha la kibanda halipitishi hata paka.

Halafu makofi! Nikashuka mbio kuongoza mjadala. Mtu wa kwanza kusimama akawa Bibi Ferrandou, mfamasia. Anasema hivi: mwisho wa namna ile, wa ghafla, unampa mtazamaji uhuru wake. Mtu wa pili akasema hapana, haumpi, unamnyang'anya. Wakaanza kuvutana. Hakuna hata mmoja aliyesema labda kuna mkanda umesahaulika! Kwa mtu wa Brugnac, kukiri kwamba filamu haikueleweka ni aibu kuliko kutembea uchi sokoni.

Larribe alikuwa amewiva kama nyanya. Akaandika kwenye daftari lake, akalichana, akanitupia. TRENI IKO WAPI? Ukumbi mzima ukangoja nisome. Nikasoma, "Rais wetu anauliza: baada ya ngazi ile, wapenzi hawa wanaelekea wapi?" Lo! Watu wakapiga makofi kwa furaha. Swali zito hilo! Likajadiliwa dakika thelathini. Larribe akapongezwa na watu saba, akilini anachemka.

Bibi Odile alitoka na leso zote mbili kavu. Mlangoni akaniambia filamu ilikuwa nzuri, na akanitazama kidogo, kama mtu anayesoma bei. Nikamwambia kesho itakuwa nzuri zaidi. Alitabasamu!

Alhamisi, 10 Februari

Filamu ya pili: mshona nguo na askari. Mkanda wa nne unaishia kwenye dansi ya kijijini, anamzungusha, sketi inapepea. Mkanda wa tano ni vita. Nani anataka vita? MWISHO, tarumbeta, makofi.

Asubuhi Larribe alikuja karakana kuulizia meno. Niliyakalia. Kweli kabisa, nilikuwa nimeyaweka kitini ili nisafishe mfuko, na alipoingia nikakaa haraka. Nikamweleza njia ya Lyon imefungwa na theluji. Akaandika: REDIO IMESEMA NJIA IKO WAZI. Nikasema redio ya siku hizi si ya kuaminiwa. Hakuniaga. Meno ya juu ya Larribe yameniachia alama mahali ambapo sitapataja hapa.

Jioni alijaribu kupanda kibandani katikati ya filamu. Nilisikia hatua zake, nikafunga kwa ndani. Akagonga. Nikapaza sauti kwamba mashine ina moto, hatari, rudi chini Bwana Rais! Kumbe ukumbi mzima ulisikia, na nusu ya watu wakasimama kutaka kutoka. Chupuchupu! Bibi Ferrandou ndiye aliyewatuliza, akasema ni sauti iliyomo kwenye filamu.

Bibi Odile hakulia. Zaidi ya hapo, ameniletea kipande cha keki ya tufaha, amekifunga kwenye leso zake zote mbili, kwa kuwa hazina kazi tena. Ameniambia jana alipasha supu akaimaliza bila hata tone la chozi. Moyo wangu! Nikataka kumwambia mengi. Nikamwambia keki ina tufaha. Akasema ndiyo, inayo.

Ijumaa, 11 Februari

Leo kidogo kiama.

Filamu ya tatu ni mtihani. Nimeipima mchana. Mkanda wa nne unaishia mwanamke akimwagia mwanamume divai usoni na kuvunja vyombo, sahani hata moja haikupona. Huwezi kupachika MWISHO na tarumbeta hapo! Nikarudi nyuma. Mkanda wa tatu unaishia wapi? Kwenye chemchemi. Ndiyo kwanza wametajiana majina. Dakika sitini zote mwanamume anazunguka mjini na mwavuli, mwanamke anazunguka mjini na mbwa, na mwisho wa mkanda wa tatu mbwa anauma mwavuli na wanatajiana majina.

Potelea mbali, nikasema. Majina yanatosha.

Saa moja kamili taa zikawaka. Watu wakatazama saa zao. Nikashuka nikiwa na jasho mgongoni, nikasema kwa sauti ya mtu anayejua mambo, "Ujasiri ulioje!" Hiyo tu. Basi wakaanza. Eti mbwa ni nani? Eti kutaja jina ndiyo ndoa yenyewe, yanayofuata ni makaratasi. Filamu ya saa moja, mjadala wa saa moja na nusu! Larribe alinitupia vikaratasi tisa. Cha mwisho kilikuwa MWONGO WEWE, nikakisoma, "Rais anauliza kama mapenzi ni uongo." Bibi Ferrandou akafuta machozi. Akasema hajawahi kumsikia Bwana Larribe akisema mambo ya kina namna hii, na ni hasara alivyokuwa akituchosha miaka yote na hotuba.

Sasa sikiliza. Bibi Odile alinisubiri. Akasema ile ndiyo filamu tamu kuliko zote alizowahi kuona, kwa sababu hawajaharibu chochote bado. Kisha akatazama viatu vyake, akaniuliza kama Jumapili mchana nakula wapi. Nikajibu jikoni kwangu, nimesimama. Akasema anapika nyama ya ndama na mchuzi mweupe, na sufuria yake ni kubwa kwa mtu mmoja.

Nimealikwa! Na rafu mbili zimerudishwa mahali pake, nimeziona mwenyewe kupitia kioo! Nimetembea mpaka nyumbani bila kuhisi baridi, kumbe koti nimelisahau ukumbini.

Jumamosi, 12 Februari

Nimekwisha. Nimekwisha kabisa.

Mchana sikuipima filamu ya nne. Nilikwenda kwa kinyozi. Halafu kununua soksi, maana kesho naweza kuombwa nivue viatu. Halafu tai. Filamu ya Kifaransa, iliyochaguliwa na Larribe, ya nini kuipima? Mikanda minne ya mapenzi, mmoja wa msiba. Mtu mzima na tai mpya nikapanda kibandani saa kumi na mbili kasoro dakika tano.

Mwalimu wa shule ya milimani na mwanamume anayewaongoza wapandaji. Wanapendana tangu mkanda wa kwanza, bila kuzungukazunguka. Nikashangaa. Mkanda wa pili wanaoana! Nikazidi kushangaa, nikapiga mluzi. Mkanda wa tatu theluji inaporomoka, mwanamume haonekani. Nikajiambia atarudi kwenye wa nne, waende kwenye dansi, niwapachikie. Mkanda wa nne wanamtafuta. Hawamwoni. Wanazika koti lake. Koti! Mwanamke kavaa nyeusi, amekaa mbele ya sahani mbili, moja tupu. Mkanda ukaisha. Mkono wangu, nao una mazoea yake, ukapachika: MWISHO. Tarumbeta.

Sikuwahi kusikia ukumbi unalia namna ile. Bibi Odile alisimama akiwa hana hata leso, maana zote alizitumia kufungia keki. Akapita katikati ya viti akajifuta kwa mkono wa koti. Akaingia kwenye mvua. Hakunitazama.

Larribe akaruka jukwaani. Skafu ikamwanguka, hakujali, mbele ya watu wote akaonyesha ufizi wake. Akashika ubao tunaoandikia bei za viti, akaandika kwa chaki herufi kubwa: ANARUDI! MKANDA WA TANO! ANARUDI! Nimefumaniwa, nikasema, hapa ndipo mwisho wangu na klabu, na mji, na ndama.

Bibi Ferrandou akasimama, akasafisha miwani, akasema kwa heshima zote kwamba Bwana Rais anakosea. Mwanamume yule akirudi itakuwa filamu ya kimtaani. Msanii wa kweli hawezi kumrudisha. Wengine wakaunga mkono, eti wazo la rais ni la kitoto, na labda ufizi unamwuma. Wakamtuliza, wakamketisha. Nimepona kwa watu wote! Lakini sijapona kwa yule mmoja.

Walipoondoka, Larribe akabaki. Akaandika polepole, akaniwekea karatasi mkononi. Ninayo hapa. "Katika maisha yangu nimechagua filamu moja tu yenye mwisho mwema. Niliichagua kwa ajili yake, asiondoke. Umefanya nini, Pradeilles?"

Kumbe na yeye! Kumbe naye alijua habari za Menton! Nimechukia, na nimeona haya, na sijui kipi kimetangulia.

Jumapili, 13 Februari

Ngoja nivute pumzi nieleze kwa utaratibu.

Saa tatu asubuhi nimefika mtaani kwake nikiwa na kopo la mkanda wa tano kwapani. Larribe kanitangulia! Yuko chini ya dirisha, na mvua ya jana usiku imelowanisha daftari lake, hawezi kuandika, kwa hiyo anaeleza kwa mikono. Anashika moyo. Anaonyesha mlima. Anatembeza vidole viwili hewani. Bibi Odile yuko dirishani juu, macho yamevimba, na nyuma yake nimeona sanduku la safari, wazi, limejaa nusu.

Akaniona. "Bwana Pradeilles, mzee huyu ana nini? Ananichumbia au anaumwa?"

Nafasi ya namna hiyo mtu huipata mara moja maishani! Ningesema anaumwa, nikamwita daktari, yakaisha. Mdomo nikaufungua kabisa. Halafu macho yakarudi kwenye sanduku lile, na ulimi ukanigeuka. Nikasema, "Anakwambia yule mwanamume hakufa. Anarudi. Mkanda wenyewe huu hapa. Mimi ndiye niliyeuficha."

Larribe akanitazama kana kwamba ni mimi niliyefufuka.

Tukaenda ukumbini watu watatu, makoti mwilini, maana hita haiwashwi Jumapili. Nikapanda, nikaonyesha. Masika yanaingia, theluji inayeyuka, mwanamume anasukuma mlango akiwa na ndevu mpaka kifuani. Mwanamke anampiga kofi kwanza. Kofi zito! Ndipo anamkumbatia. Na hakuna treni, hakuna vita, wanakula. Nikawasha taa. Bibi Odile alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

Nikashuka nikiwa nimejiandaa kufukuzwa. Nikakiri yote: ngazi, dansi, chemchemi. Akasema anajua. Anajua! Tangu Jumatano! Filamu ya muuza vitabu aliitazama na marehemu mumewe mwaka wao wa kwanza wa ndoa, treni ile anaijua mpaka namba ya behewa. Nikamuuliza mbona alinyamaza. Akasema alitaka aone mtu mzima na akili zake atafika wapi na mchezo huo. Tena, tangu afiwe, hakuna mtu aliyejisumbua kumzuia asilie. Alilia jana kwa sababu filamu hiyo ndiyo pekee ambayo hakuwa ameiona. Alifikiri nimechoka kumwonea huruma.

Kisha akakaa, akaamuru. "Haya. Nionyesheni na ile mingine."

Nikaonyesha mikanda yote iliyobaki. Treni. Vita. Vyombo vinavunjwa, halafu mwavuli unasahaulika kwenye benchi. Alilia kwenye kila mmoja, kwa sauti, bila aibu, na Larribe pembeni naye analia, anampa leso, anapokea leso. Nikawa nawaona kupitia kidirisha changu. Mwisho akajifuta, akasema hajalia vizuri namna hii tangu msibani, na kumbe shida haikuwa treni wala mvua. Shida ilikuwa kwenda kula peke yake baada ya hapo. Akasimama akauliza nani ana njaa.

Meza ya watu watatu. Ndama alikuwa laini, lakini hata ndama laini anataka meno. Larribe alikuwa anausukuma mchuzi kwa mkate. Sikuweza kuvumilia. Nikatoa meno mfukoni, nikayasuuza, nikamwekea kando ya sahani. Akayavaa. Akauliza yalikuwa tayari tangu lini. Nikasema Jumanne, saa kumi kasoro robo. Akanitukana kwa Kilatini dakika nzima bila kurudia neno. Kisha akaomba sahani ya pili.

Sanduku lilikuwa bado wazi chumbani. Lakini Bibi Odile, alipokwenda kuleta jibini, alipita akalifunga kwa mguu, na sasa halikuwa na kitu, nguo zimerudi kabatini. Nililiona!

Jumatatu, 14 Februari

Amepiga simu Menton! Nilikuwepo dukani, nimesimama kwenye vifungo. Amemwambia dada yake hapana, asante, jua lako baki nalo, huku kuna kazi nyingi. Dada akapiga kelele, nilimsikia kutoka mahali nilipo. Bibi Odile akakata simu, akavuta pumzi, akaanza kupanga nyuzi kwa rangi. Haondoki! Nimeshukuru. Nimetoka nje nikakaa ukingoni mwa barabara kwa dakika tano.

Sasa nimetulia, na akili inafanya kazi sawasawa. Nimeona hatari iliyobaki. Kila filamu, mimi niko juu kwenye mashine, na Larribe yuko chini pembeni yake na leso. Dakika mia moja kila wiki! Bila meno alikuwa hatari, sasa anayo. Hali hii haiwezi kuendelea.

Nimepata mpango. Saa nne nimekwenda kwa Larribe. Nikamwambia mimi mkosaji, nataka kulipa, na kwa maoni yangu rais wa klabu anastahili kushika mashine kwa mkono wake, akae karibu na sanaa yenyewe. Alifurahi mno! Alinikumbatia! Mtoto mdogo yule, hakushuku chochote. Kuanzia Jumamosi hii yeye ndiye atakuwa kibandani kila wiki, na mimi nitakuwa chini, safu ya tatu, leso sita mpya mfukoni. Nimezinunua kwa Bibi Odile mwenyewe.

Alipokuwa anazifunga aliniuliza swali la ajabu. Eti kule kibandani kwako kuna nafasi ya kiti cha pili? Nikamwambia ipo, na taa ya mashine inatia joto zuri majira haya. Akaona haya kidogo, akasema basi Jumamosi atapanda na keki, atazamie kule juu, na kuanzia sasa atakuwa anakaa huko huko kila filamu, kama hatasumbua. Nikamjibu hatasumbua hata kidogo, karibu sana.

Mwanamke ana huruma yule, kumfikiria Larribe mpaka huko. Lakini atachoka baada ya filamu moja, atashuka, na mimi nitakuwa chini namsubiri. Ufunguo wa kibanda nimeshamkabidhi Larribe.